Sindano ikisema ‘la’, msishangilie mapema

BARUA moja iliyonifikia majuma machache yaliyopita ilitoka kwa binti wa huko Murang’a, kifungua mimba katika familia ya watoto watano. Baba yake, mzee wa miaka 61, alianza kwa kuwashwa mwili mzima usiku. Baadaye macho yakawa manjano, mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi, na suruali zikaanza kumpwaya. Kliniki ya karibu ilimpa dawa za malaria, kisha za homa ya matumbo. Miezi miwili ilipita kabla ya mtu yeyote kufikiria kumpiga picha ya skani, na skani hiyo ndiyo iliyofichua uvimbe kwenye kongosho.

Mzee alipasuliwa. Tumbo likiwa wazi, daktari aliudunga ule uvimbe kwa sindano, akafyonza majimaji kidogo na kuyapeleka maabara huku mgonjwa akiwa bado usingizini. Jibu lilirudi baada ya muda usiozidi nusu saa: hakuna seli za saratani zilizoonekana. Daktari akatengeneza njia mpya ya kupitishia nyongo, akamshona, na familia ikachinja mbuzi kwa furaha.

Majuma matatu baadaye daktari yule yule aliwaita akawaambia kwamba bado anashuku saratani, na kwamba anaonelea mzee arudi mezani, safari hii aondolewe kichwa chote cha kongosho. Hapo ndipo nyumba ilipogawanyika. Baba mdogo anasema hospitali imenusa pesa za harambee. Mama anasema saratani ikiguswa na chuma husambaa, na kwamba hata ile sindano ya kwanza ilikuwa kosa. Binti ananiuliza swali moja tu: aaminiwe nani, sindano au daktari?

Jibu langu, ambalo huenda lisimpendeze baba mdogo, ni kwamba sindano na daktari hawajapingana hata kidogo. Lakini ili tuelewane, sharti kwanza tujue kongosho ni nini na kwa nini linawasumbua madaktari namna hii.

Kongosho ni kiungo chenye urefu wa sentimita 15 hivi, kilicholala nyuma ya mfuko wa tumbo, karibu na uti wa mgongo. Kazi zake ni mbili. Hutoa maji makali ya kusagia chakula, na hutoa insulini inayodhibiti sukari mwilini. Sehemu yake nene, inayoitwa kichwa, imekumbatiwa na mkunjo wa kwanza wa utumbo mwembamba. Mfereji unaoleta nyongo kutoka kwenye ini hupita humo humo kichwani kabla ya kumwaga nyongo utumboni. Basi uvimbe ukiota hapo, hata uwe mdogo kama njugu, huukaba mfereji ule. Nyongo hurudi nyuma na kuingia kwenye damu. Macho huwa manjano, ngozi huwasha, mkojo huwa mweusi na choo hupauka kama majivu. Mara nyingi hakuna maumivu, jambo linalowadanganya wengi kwamba ugonjwa si mkubwa.

Kwa kuwa kiungo hiki kimejificha, saratani yake huchelewa kugunduliwa. Kulingana na hesabu za shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, mwaka wa 2022 watu wapatao 510,000 ulimwenguni waligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho, na wapatao 467,000 waliaga dunia kutokana nayo mwaka huo huo. Msomaji, zitazame hizo tarakimu mbili kwa makini. Ni saratani chache ambazo idadi ya wanaozikwa hukaribia hivyo idadi ya wanaogunduliwa. Wanaokutwa mapema kiasi cha kuweza kupasuliwa na uvimbe wote kuondolewa ni kama wawili tu katika kila kumi, au hata pungufu.

Hata hivyo, si kila uvimbe wa kongosho ni saratani, na hapa ndipo ugumu wenyewe ulipo. Kongosho linaweza kuvimba kwa muda mrefu, hasa kwa watu waliokunywa pombe kali kwa miaka mingi, likajaa makovu na kuwa gumu. Kinga ya mwili nayo inaweza kugeuka na kulishambulia kongosho. Uvimbe wa aina hiyo huyeyuka kwa dawa za steroidi bila kisu. Kuna saratani ya tezi za limfu inayoweza kujitokeza hapo, nayo hutibiwa kwa dawa badala ya kukatwa. Na ingawa ni nadra, kifua kikuu nacho kinaweza kutua kwenye kongosho, hasa kwa mtu ambaye kinga yake imedhoofika. Mtu wa namna hiyo anahitaji vidonge vya miezi kadhaa. Hebu fikiria masaibu ya mtu kukatwa nusu ya matumbo yake kwa ugonjwa ambao dawa zake zinatolewa bure katika kituo cha afya cha serikali.

Ungedhani kwamba daktari akishafungua tumbo na kuushika uvimbe kwa mkono wake atajua mara moja. La. Kovu la kuvimba kwa muda mrefu na saratani vyote ni vigumu kama kiazi kibichi. Zaidi ya hayo, saratani yenyewe ikiuziba mfereji husababisha kongosho lililoizunguka kuvimba na kupata makovu, kwa hivyo viwili hivyo hukaa pamoja, kimoja kikikificha kingine. Madaktari waliofanya kazi hiyo maisha yao yote hukubali kwamba vidole vyao vimewahi kuwadanganya.

Zamani njia iliyokuwapo ni kukata kipande cha uvimbe na kukipeleka maabara. Lakini kongosho si kama nyama ya paja. Ukilikata, maji yake makali yanaweza kuvuja tumboni na kuanza kusaga viungo vya mgonjwa mwenyewe. Kuna waliovuja damu, kuna waliopata vidonda visivyofunga, na kuna waliokufa kwa sababu ya kile kipande, wala si kwa sababu ya uvimbe. Ikawa madaktari wanaogopa kukata, na wakiogopa kukata hawapati jibu.

Wazo la kutumia sindano nyembamba badala ya kisu si la jana. Mwaka wa 1930 daktari Hayes Martin na mwenzake Edward Ellis wa Hospitali ya Memorial mjini New York walichapisha maelezo ya jinsi walivyofyonza seli za uvimbe kwa sindano. Wenzao wa Marekani hawakulichangamkia sana. Ni Waswidi walioliendeleza miaka ya hamsini na sitini, wakiwa na sindano nyembamba zaidi, na mwanzoni mwa miaka ya sabini wakaanza kuitumia kwa kongosho wakati tumbo la mgonjwa likiwa wazi. Kutoka huko ikaenea.

Kazi yenyewe hufanywa hivi. Daktari hukata utando unaoushikilia ule mkunjo wa utumbo, akauinua pamoja na kichwa cha kongosho kutoka nyuma. Mkono wake wa kushoto hupita chini na kukikamata kichwa kati ya kidole gumba na vidole vingine, kama mtu anayepima ubivu wa embe. Mkono wa kulia unashika bomba lenye sindano ambayo unene wake haufiki milimita moja. Hudunga moja kwa moja kwenye uvimbe, au hupitisha sindano ndani ya utumbo kwanza ili maji ya kongosho yakivuja, yavujie utumboni ambako ndiko kwao. Akishafika huvuta pampu ya bomba, akaichezesha sindano mbele na nyuma mara kadhaa, akaiachia pampu kabla ya kuchomoa. Hurudia kazi hiyo pembe tofauti tofauti, mara tatu, nne, hata sita.

Kinachotoka ni tone tu. Humwagwa juu ya kioo chembamba, likapakwa kama mtu anavyopaka siagi kwenye mkate. Vioo vingine hutumbukizwa kwenye spiriti na vingine huachwa vikauke, kisha hutiwa rangi. Rangi mojawapo ni ya ukoo wa Giemsa, ile ile inayotumiwa kila siku katika maabara zetu kutafutia viini vya malaria. Nalitaja hili kusudi, kwa sababu kuna njia nyingine ya kupata jibu la haraka, ya kugandisha kipande cha nyama kwa baridi kali na kukikata vipande vyembamba kwa mashine ya bei ghali. Sindano haihitaji mashine hiyo. Inahitaji vioo, rangi, hadubini na mtu anayejua anachokitazama. Huyo wa mwisho ndiye adimu zaidi.

Naye hutazama nini? Seli nzuri za mifereji ya kongosho hujipanga kwa nidhamu kama vitundu vya sega la nyuki, kila kimoja sawa na mwenzake. Zikiwa za saratani, sega huvurugika. Viini vya seli huwa vikubwa kwa vidogo, vimepandana, vingine vikiwa vikubwa mara nne kuliko jirani zao. Wataalamu wenyewe wana jina la utani kwa hali hiyo, huiita sega lililolewa. Aliyeliona mara moja, wanasema, halisahau.

Sasa turudi kwa swali la binti, na hapa nitaomba msaada wa wauza nafaka. Yeyote aliyewahi kupeleka mahindi sokoni anajua bambo, kile chuma chenye mfereji ambacho mnunuzi hulichoma gunia nacho ili apate punje chache za kukagua. Bambo likitoka na mahindi yaliyooza, hakuna ubishi, gunia lina uozo. Lakini likitoka na mahindi safi, je, mnunuzi ameliona gunia zima? Ameona mahali pamoja tu. Ndiyo maana mnunuzi mjanja huchoma juu, katikati na chini, na bado akilipima gunia lenyewe kwa pua.

Sindano ya kongosho ni bambo. Ikisema “ndiyo, hii ni saratani”, jibu hilo ni la kutegemewa karibu kabisa. Makosa ya upande huo ni machache mno. Ikisema “la”, maana yake ni kwamba pale ilipopita haikuiona. Katika ripoti nyingi zilizochapishwa tangu miaka hiyo ya sabini, sindano wakati wa upasuaji ilifaulu kuikamata saratani kwa wagonjwa wanane au tisa katika kila kumi waliokuwa nayo, na mahali pengine hata zaidi. Ni kazi nzuri sana. Lakini mmoja au wawili walibaki, nao waliambiwa “haikuonekana” ilhali ilikuwapo. Saratani ya kongosho ina tabia ya kujizungushia makovu mazito, seli zake zikawa zimetawanyika humo kama changarawe chache ndani ya gunia la maharagwe. Sindano inaweza kupita katikati yake na kutoka mikono mitupu.

Kwa hiyo daktari anaposema “sindano haikuona, lakini mimi bado nashuku”, hajigeuzi ulimi. Anapima jibu la sindano pamoja na mambo mengine: skani ilivyokuwa, mifereji ilivyotanuka, uzito uliopotea, kisukari kilichozuka ghafula uzeeni, ugumu alioushika kwa mkono wake. Ndiyo pua ya mnunuzi.

Hata “la” zenyewe si za namna moja, na hili ni jambo ambalo familia nyingi hazielezwi. Ripoti inaweza kusema sampuli haikutosha, yaani kwenye kioo kulikuwa na damu tu au seli za utumbo uliopitiwa. Hiyo si “la”, hiyo ni kutojibiwa. Inaweza kusema seli zilizoonekana ni nzuri. Na inaweza kusema kuna seli chache zenye shaka lakini mwenye kusoma hakutaka kukata kauli. Simulizi ya mdomo kwenye ujia wa hospitali huzigeuza zote tatu kuwa kitu kimoja, “hawakupata saratani”, na mbuzi anachinjwa. Binti, kabla ya jambo lolote jingine, iombe ripoti iliyoandikwa, na umwombe daktari akwambie ni “la” ipi kati ya hizo.

Nikija kwa mama, woga wake naujua, maana umeenea kutoka Busia hadi Lamu. Watu wameona jamaa zao wakiingia hospitalini wakitembea, wakapasuliwa, na baada ya miezi miwili wakazikwa. Wakakata shauri kwamba ni kisu kilichoisambaza. Mara nyingi ukweli ni kwamba saratani ilikuwa imekwisha kusambaa kabla ya tumbo kufunguliwa, na daktari aliikuta hivyo akafunga. Kuhusu sindano nyembamba, ni kweli kwamba visa vya seli kubaki kwenye njia iliyopita sindano vimeandikwa, lakini ni nadra. Na kwa uvimbe wa kichwani, sindano ikiwa ilipitia utumboni, sehemu hiyo ya utumbo huondolewa pamoja na uvimbe ikiwa upasuaji mkubwa utafanywa. Njia yenyewe hutupwa.

Huo upasuaji mkubwa ndio unaoitwa Whipple, kwa jina la Allen Whipple wa New York aliyeueleza mwaka wa 1935, ingawa Mjerumani Walther Kausch alikuwa amemtangulia kwa zaidi ya miaka ishirini. Huondolewa kichwa cha kongosho, mkunjo wa utumbo, kibofu cha nyongo na kipande cha mfereji wake, wakati mwingine na sehemu ya mfuko wa tumbo, kisha yaliyobaki huunganishwa upya. Huchukua saa tano, sita au zaidi. Hadi miaka ya sabini mgonjwa mmoja katika kila wanne au watano hakutoka hai. Leo, katika hospitali zinazoufanya mara kwa mara, wanaokufa hawafiki watano katika kila mia. Tofauti inatokana zaidi na mazoea ya mikono na uangalizi wa baadaye. Ndiyo sababu swali la “wewe au hospitali hii mmefanya mangapi mwaka uliopita?” si utovu wa adabu. Daktari mwenye kuijua kazi yake hatakasirika akiulizwa.

Baba mdogo naye nisimpuuze, maana shaka yake ina chembe ya ukweli. Katika hospitali kubwa za ng’ambo, kati ya wagonjwa mia waliokatwa kichwa cha kongosho kwa kushukiwa kuwa na saratani, watano hadi kumi hivi hukutwa baadaye kwamba hawakuwa nayo. Ni bei kubwa kulipwa na mtu asiye na saratani. Wapasuaji huikubali kwa sababu kosa la upande wa pili, la kuiacha saratani iliyokuwa bado inaondoleka, halina marekebisho. Miongozo ya siku hizi hata inasema kwamba skani ikiwa wazi na mgonjwa ana nguvu, si lazima kungoja jibu la sindano ndipo akatwe. Sindano huwa ya lazima pale ambapo mgonjwa hatakatwa bali atapewa dawa kali za saratani, kwa kuwa hakuna daktari mwadilifu atakayempa mtu dawa hizo kwa kukisia.

Isitoshe, sindano siku hizi haihitaji tumbo kupasuliwa. Mwaka wa 1992 daktari Peter Vilmann wa Denmaki na wenzake walieleza jinsi ya kulidunga kongosho kwa mpira mrefu unaopitia kinywani hadi utumboni, wenye mashine ya mawimbi ya sauti kwenye ncha yake. Mgonjwa hurudi nyumbani siku ile ile. Mashine hizo zipo humu nchini, lakini katika hospitali chache, na wanaozimudu ni wachache zaidi. Ndiyo maana sindano ya wakati wa upasuaji bado ina kazi: pale mashine haipo, pale mpira ulijaribiwa bila kupata jibu, au pale daktari amefungua tumbo kwa sababu ya mawe ya nyongo akakutana na uvimbe asioutarajia. Vilevile pale anapokuta saratani imeshika mishipa mikubwa ya damu na haiondoleki. Akifunga bila kuchukua seli, mgonjwa atalazimika kudungwa tena siku nyingine ndipo aanze dawa.

Nani asiyemkumbuka Steve Jobs, yule tajiri wa kampuni ya Apple? Mwaka wa 2003 skani ilionyesha uvimbe kwenye kongosho lake, na madaktari wakamwambia kwamba karibu kwa hakika hauponi, hana miezi mingi. Jioni ya siku hiyo akadungwa sindano kwa ule mpira wa kinywani. Yeye mwenyewe aliwasimulia wahitimu wa Chuo Kikuu cha Stanford mwezi wa Juni 2005 kwamba madaktari walipoziona seli kwenye hadubini walitokwa na machozi, kwa kuwa ilikuwa aina adimu ya saratani ya kongosho inayoendelea polepole na inayoweza kupasuliwa. Alikawia miezi kadhaa akijaribu lishe na tiba nyingine kabla ya kukubali kisu mwaka wa 2004, jambo lililozua maneno mengi. Hata hivyo alifariki Oktoba 2011, miaka minane baada ya kuhesabiwa miezi. Tone moja juu ya kioo lilibadilisha jina la ugonjwa, na jina la ugonjwa likabadilisha kila kitu.

Sasa naomba radhi kwa jambo nitakalolisema, binti. Barua yako ilikuwa ya kurasa nne. Nimejua anachosema baba mdogo, mama, shangazi wa Thika na hata mchungaji. Sikuona popote mzee mwenyewe anasemaje. Nadhani, kama ilivyo desturi katika nyumba nyingi, mmemficha. Anajua alitolewa “nyongo iliyoziba”, basi. Mwili ni wake, na ndiye atakayelazwa kwenye ile meza. Mtu wa miaka 61 aliyelea watoto watano anaweza kubeba neno saratani, tena huenda amekwisha kulibeba peke yake usiku akiwakuna ngozi ninyi mkiwa mmelala.

Ni mzee, wala si kikao cha ukoo, anayepaswa kuulizwa na daktari kabla ya kulazwa tena: ukiwa umelala, sindano ikisema ndiyo, nifanye nini? Ikisema la, lakini nione kwa macho yangu dalili mbaya, nikate au nifunge? Ukikuta haiondoleki, unataka uambiwe? Maswali hayo hayaulizwi mtu akiwa amepewa dawa ya usingizi. Yakiachwa hadi wakati huo, atayajibu jamaa yeyote atakayekutwa kwenye benchi nje ya chumba cha upasuaji, aghalabu yule mwenye sauti kubwa.

Kabla ya kufika huko kuna mambo ya kufanya majuma haya, maana muda haungoji. Mzee apigwe skani nyingine, ilinganishwe na ile ya kwanza. Daktari aulizwe kama inawezekana kudungwa tena kwa mpira wa kinywani, na hospitali ipi ya karibu ina mashine hiyo. Aulizwe pia kama kifua kikuu na yale maradhi ya kinga yamefikiriwa na kupimwa. Kuna kipimo cha damu kiitwacho CA 19-9 ambacho husaidia kiasi, ila hupanda hata kwa sababu ya manjano pekee, na kuna watu wachache ambao miili yao haikitengenezi kabisa kitu kinachopimwa, kwa hivyo msikishikilie peke yake. Upande wa gharama, bima ya NHIF iliiachia SHA nafasi Oktoba 2024, basi nendeni mkaulize kwa maandishi ni kiasi gani cha upasuaji kitalipwa, ndipo baba mdogo apange harambee akijua anachangisha kwa ajili ya nini.

La mwisho ni vile vioo. Havikutupwa. Maabara huvihifadhi kwa miaka, na familia ina haki ya kuomba visomwe na mtaalamu mwingine wa seli. Andikeni barua kwa hospitali mkitaja jina la mzee, nambari yake ya hospitali na tarehe ya upasuaji. Vifungeni vizuri kwenye kisanduku, maana ni vioo na huvunjika, mvipeleke pamoja na ile ripoti ya kwanza. Na atakayevibeba awe mzee mwenyewe, mkimsindikiza.